Sekunde Thelathini za Sabuni

Mimi ni mwoga tangu utotoni, na sioni haja ya kuficha. Ni mtu wa kurudi mara tatu kuangalia kama nimefunga mlango, na mara ya nne kuangalia kama ile ya tatu niliangalia vizuri. Ungeniambia zamani kwamba mtu kama mimi angetia sahihi karatasi ya uongo kila Ijumaa kwa miezi saba, halafu kila jioni arudi Ruiru kulala ukuta mmoja na mtu aliyelipwa kumnasa, ningekwambia unamzungumzia mwingine. Lakini ni mimi.

Kazi yangu ilikuwa, na bado ni, kupanga matangazo ya biashara katika stesheni ndogo ya televisheni mjini Thika. Usifikirie jumba la vioo. Ni ghorofa ya pili juu ya duka la mbolea na chakula cha ng'ombe, watu kumi na mmoja, na harufu ya chakula cha ng'ombe hata wakati wa habari. Wengi hudhani televisheni ni ya yule msichana anayesoma habari. Televisheni ni ya matangazo, na habari huwekwa katikati ili watu wasiondoke.

Stesheni kama yetu haiwezi kujisimamia. Hatuna pesa za kununua mpira, wala zile tamthilia za kigeni ambazo mama zetu huzililia. Hivyo vyote tulipewa na stesheni kubwa ya Nairobi bila kulipa hata shilingi. Malipo yetu yalikuwa dakika. Kila programu, hata habari zetu wenyewe, iliposimama kupisha matangazo, ilisimama dakika tatu na nusu. Mbili za kwanza zilikuwa zao, moja na nusu ya mwisho ilikuwa yetu. Zao zilikuja zimeshapangwa huko Nairobi, sabuni, mafuta ya kupikia, benki, na kazi yetu ilikuwa kuzipitisha bila kuzigusa. Zetu tuliwauzia wenye maduka ya hardware, wauza vifaranga na shule za bweni, na pesa zote zikabaki Thika. Kisha kila baada ya miezi mitatu stesheni kubwa ilitutumia fungu letu la pesa walizopata kwa zile dakika zao, kwa sababu macho yaliyotazama yalikuwa ya watu wetu. Hilo fungu ndilo lililolipa mishahara. Vifaranga vililipa stima na maji tu.

Niliwahi kumweleza mama yangu hivi: ni kama mtu amekuachia kona ya kibanda chake sokoni. Uza mboga zako, hakuna neno, lakini usifunike nyanya zake. Mama akasema hapo hakuna ugumu wowote, mtu akae tu kwenye kona yake.

Fungu lilikuja kwa sharti moja, nalo ni cheti. Kila Ijumaa saa nane mchana nilijaza cheti kinachosema kwamba kila tangazo la stesheni kubwa limepita, siku fulani, saa fulani, kutoka mwanzo hadi mwisho. Chini palikuwa na mstari wa sahihi, na juu ya mstari palikuwa na maneno kwamba anayetia sahihi anajua kuwa kusema uongo ni kosa la jinai. Miaka ya kwanza nilifurahia kutia sahihi hiyo. Nilikuwa na sahihi nzuri, yenye mkia.

Sasa nieleze ilivyoharibika.

Jumatano moja mzee alipanda ngazi zetu akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Alikuwa ametoka Gatuanyaga kwa bodaboda. Mkono mmoja ulishika kofia, mwingine ulishika picha ndogo ya mwanamke, ile ya kukatwa kwenye nakala ya kitambulisho. Ilikuwa dada yake. Mazishi yalikuwa yamepangwa Jumamosi, lakini Jumamosi hiyo mchungaji wao alikuwa na mazishi mengine mawili, na akayasogeza yao hadi kesho yake, Alhamisi, saa nne.

"Watu wetu wako huko mtaa wa Landless, wako Ruiru, wengine hata sina namba yao," akaniambia. "Wakikuja Jumamosi watapata kaburi imeshafunikwa. Mami, nisaidie iingie leo saa moja."

Saa moja jioni, wakati wa habari, ndipo watu wa kwetu hutazama vifo. Sijui kama kwingine ni hivyo. Kwetu, picha ya marehemu ikitokea kwenye televisheni na ule wimbo wa kinanda ukaanza, hoteli nzima hunyamaza, wanaume huvua kofia hata kama hawamjui aliyekufa, na hakuna anayegusa rimoti. Jamaa wakisomwa majina, watu huyafuata jina kwa jina wakitafuta jina wanalolijua. Mtu akikosa mazishi kwa kuwa hakuambiwa, hiyo ni kesi ya miaka mingi katika familia.

Nilimwambia mzee kwamba dakika zetu za jioni hiyo zimejaa. Na zilikuwa zimejaa kweli, muuza vifaranga alikuwa amezinunua zote.

"Kwani ni dakika ngapi naomba?"

"Ni sekunde thelathini tu, mzee. Lakini hakuna."

Hakuondoka. Aliketi kwenye benchi akaweka kofia kwenye magoti, na picha juu ya kofia. Sikuweza kuendelea na kazi yule mama wa pichani akinitazama.

Nitasema ukweli jinsi nilivyofikiri. Muuza vifaranga nilimjua. Huyo hutazama matangazo yake akiwa na simu mkononi, na likikosa hata moja atanipigia kabla halijamaliza kukosa. Lakini katika dakika za stesheni kubwa kulikuwa na sabuni, tangazo la sekunde thelathini, lile ambalo lilipita mara sita kwa siku hadi watoto wakalijua kwa moyo. Sabuni ilikuwa Nairobi. Nikajiambia, nani atahuzunika sabuni ikikosa jioni moja? Woga wangu ulimtazama mtu wa karibu, ukamsahau wa mbali.

Nikamwambia fundi wa mitambo afungue dirisha letu, yaani muda wa matangazo yetu, sekunde thelathini mapema.

"Madam, hiyo ni yao," akasema.

"Najua."

"Sawa. Bora ni wewe umesema."

Saa moja ilipofika nilisimama nyuma yake nikiuma kucha. Sabuni ilipaswa kuanza, na mahali pake akatokea dada yake yule mzee, amekunja uso kidogo kama watu wanavyokunja kwenye picha za kitambulisho. Kinanda kikalia. Jamaa wakasomwa. Kisha dakika zetu zikaanza, na vifaranga vikafuata kama kawaida. Hakuna simu iliyolia. Mzee alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akashuka ngazi. Ijumaa nikatia sahihi kwamba sabuni ilipita.

Ningeliacha hapo, leo singekuwa na la kusimulia. Lakini Jumatatu bosi wetu, mwenye stesheni, alikuja hadi mezani kwangu.

"Niliona ile tangazo ya kifo ya Wednesday," akasema.

Nikajua nimefutwa kazi.

"Kuna familia mbili ziko hapo chini. Watafutie nafasi vile ulifanya." Akaenda zake. Hakutaja sabuni wala stesheni kubwa, na tangu siku hiyo hadi mwisho hakuwahi kuvitaja. Bosi wetu alikuwa hodari wa kusema jambo bila kuacha alama ya mdomo wake juu yake.

Basi ikawa mazoea. Sabuni ya saa moja ikageuka kuwa nafasi ya wafu. Watu wakajua kwamba kwetu hukosi nafasi, wakaja kutoka pande zote, na bosi akapandisha bei. Pesa hizo hatukugawana na mtu. Stesheni kubwa iliendelea kumlipisha mwenye sabuni, ikaendelea kututumia fungu letu la sabuni ambayo hatukuionyesha, na juu ya fungu hilo tukaongeza pesa za vifo. Nilijifariji kwamba nasaidia wafiwa. Lakini mtu anayesaidia wafiwa hatoki kijasho kila Ijumaa saa nane. Sahihi yangu ilianza kupoteza mkia wake.

Mwezi wa tatu wa mazoea hayo, barua pepe ikaja kutoka Nairobi, ya stesheni zote ndogo. Fundi aliisoma kwa sauti huku akicheka. Ilisema kwamba wenye matangazo wameanza kulalamika, kwa hiyo stesheni kubwa imeweka watazamaji wake wa siri majumbani, kila sehemu mmoja, wenye karatasi za kutia alama kila tangazo linapopita. Sehemu zilitajwa. Watu hawakutajwa. Yetu ilikuwa Ruiru.

"Ruiru ni kubwa," fundi akasema. "Kwani atakuwa nani?"

Mimi niliishi Ruiru, katika ploti ya milango sita na kamba moja ya nguo, mlango wa nne. Mlango wa tano aliishi mama mmoja mtu mzima, mjane, aliyefuma sweta za shule kwa mashine. Ukuta wetu ulikuwa mwembamba, hata akipiga chafya nilimwambia pole nikiwa kitandani. Na televisheni yake, kuanzia asubuhi hadi kulala, ilikuwa kwenye stesheni yetu. Zamani jambo hilo lilinipa kiburi. Nilikuwa nikimwambia, "Mathe, wewe ndio unatulisha," naye akicheka.

Jioni ya ile barua niliingia ndani, nikafunga mlango, nikakaa kitandani bila kuvua viatu. Upande wa pili mashine ilikuwa ikifuma, krrr, krrr, na tamthilia ikiendelea. Kisha programu ikasimama kupisha matangazo. Na mashine ikasimama.

Nikasema moyoni ni bahati tu. Uzi umekatika. Tamthilia iliporudi, krrr, krrr ikarudi. Nikangoja. Matangazo yakaja tena, mashine ikanyamaza tena. Watu wote ninaowajua hufanya kinyume. Matangazo yakianza ndipo huamka, huenda msalani, hugeuza chapati. Huyu alifanya kazi wakati wa hadithi, na wakati wa sabuni aliacha kazi akatazama. Nilihesabu mara tano jioni ile.

Tangu hapo nikawa kichekesho. Nilinyata kwenye korido ya nyumba ninayolipia kodi. Nilianika nguo wakati yeye hayuko. Siku akinisalimu "Habari ya kazi?" nilitafuta ndani ya neno kazi kama kuna sindano. Aliniletea maparachichi matatu, nami nikayaweka mezani siku nne nikiyaogopa, hadi yakaoza.

Wiki ya tatu nilienda kumrudishia sufuria. Mlango ulikuwa wazi, nikaingia nikiita hodi. Juu ya kochi kulikuwa na karatasi yenye mistari na saa, saa zilezile ninazopanga mimi kwa mkono wangu, na kando ya kila saa alama ya tiki kwa kalamu ya bluu. Alikuwa akitoka jikoni. Aliona nimeona. Akachukua sweta lililokuwa limebaki mkono mmoja, akalitandaza juu ya karatasi taratibu, kama anayemfunika mtoto.

"Chai?" akaniuliza.

"Nimekunywa, mathe. Asante."

Ndivyo nilivyojua. Naye akajua kwamba najua. Mlango wa nne na wa tano, na katikati ukuta wa matofali ya inchi nne.

Nilingoja nishikwe. Sijui kama umewahi kungoja jambo la namna hiyo. Simu ya ofisini ikilia nilitazama sura ya anayeipokea. Nilihesabu watu kumi na mmoja: yule wa kamera ambaye mkewe alikuwa amejifungua juzi, msomaji wa habari anayesomesha wadogo zake, mama wa kupika chai. Fungu likikatwa, wote hao wangeenda nyumbani kwa sababu ya sahihi yangu. Nami ningeenda mbali zaidi ya nyumbani. Niliota niko kizimbani, na hakimu anauliza sabuni ilipita saa ngapi.

Siku moja nilimwambia bosi tuache. "Wewe panga matangazo," akasema. "Ya Nairobi niachie mimi."

Na ajabu ni kwamba hakuna kilichotokea. Wiki zikapita. Fungu likaja, kamili. Nilijua jirani yangu hutazama kila jioni saa moja, maana mashine ilinyamaza. Nilijua anaona picha za wafu mahali pa sabuni. Kwa nini hakusema? Nikaanza kuogopa hilo pia. Labda alikuwa ananiwekea deni. Labda siku moja angegonga mlango na kutaja bei.

Aliyetufichua hatimaye alikuwa mwenye sabuni. Wakala wao wa mauzo alikuwa Gatuanyaga, katika hoteli moja ya barabarani, akimbembeleza mwenye hoteli anunue katoni. Saa moja na robo ikikaribia akamwambia, "Ngoja, sasa hivi utaona sabuni yetu kwa TV." Akasimama mbele ya watu na mche wa sabuni mkononi, akauinua. Kwenye televisheni akatokea marehemu. Hoteli ikanyamaza. Wanaume wakavua kofia. Yule kijana peke yake akabaki na kofia kichwani na sabuni hewani, na watu wakamtazama kama mtu asiye na adabu. Hadithi hiyo ilifika Thika kabla yake, na fundi alipotusimulia ofisi nzima ilicheka hadi machozi. Mimi nilienda msalani nikajifungia hadi walipomaliza.

Walikuja Alhamisi, wawili kutoka Nairobi. Mwanamume mwenye kompyuta, ambaye hakusema mengi, na mwanamke mwenye tabasamu. Niliitwa katika ofisi ya bosi. Fundi alikuwa ameshahojiwa, amesimama dirishani akitazama viatu vyake. Bosi alisema ilikuwa hitilafu ya mitambo. Alisema kwa utulivu kiasi kwamba hata mimi nilitaka kumwamini.

Mwanamke akaweka vyeti vyangu mezani, vyote. Kando yavyo akaweka karatasi zilizojazwa tiki za bluu.

"Hii ndiyo inatushangaza," akasema. "Cheti chako kinasema sabuni imepita. Sawa, unaweza kusema mashine ilikudanganya. Lakini mtazamaji wetu wa Ruiru, ambaye anakaa mbele ya TV, pia amesema sabuni imepita. Kila siku. Miezi minne yote. Hakuna jioni hata moja mlitofautiana."

Nilitazama zile tiki. Jioni baada ya jioni, saa moja na dakika kumi na nne, sabuni, tiki. Alikuwa ameona wafu wote wale na akaandika sabuni. Kichwa changu hakikuweza kupata maana yake.

"Tukaangalia mahali mnaishi," akaendelea, bado akitabasamu. "Ploti ni moja. Mlango wa nne, mlango wa tano." Akaegemea mbele. "Kwa hivyo wacha nikuulize tu. Mlikuwa mnagawana ngapi?"

Sisi wawili hatukuwahi kugawana kitu ila kamba ya nguo. Ningeweza kusema hivyo. Ningeweza kusema kwamba yule mama hana hatia, kwamba mimi ndiye niliyemwambia fundi afungue dirisha, kwamba aliyeniambia niendelee ameketi hapo kwenye kiti cha ngozi. Maneno hayo yalikuwa mafupi na nilikuwa nayo kinywani. Nilimtazama bosi. Alikuwa akitazama dari.

"Simjui huyo mama," nikasema.

"Humjui? Mlango kwa mlango?"

"Mimi hutoka asubuhi, hurudi jioni. Sijawahi hata kumsalimia. Kama aliandika uongo, hiyo ni yake."

Nilisema yote mawili. La pili hakuna aliyeniuliza, nililiongeza mwenyewe ili la kwanza lipate nguvu.

Mwanamke na mwanamume wakatazamana. "Hata yeye amesema hivyo leo asubuhi," mwanamke akasema, na kwa mara ya kwanza tabasamu likamwondoka usoni. "Tumempitia tukija. Amesema hakujui, hamjawahi kuongea."

Hapa nitakiri jambo la aibu. Nilipumua, ndiyo, nilihisi kamba ikilegea shingoni. Lakini pia nilichukia. Kumbe na yeye ananikana, nikajiambia. Baada ya sufuria zote zile! Nilikuwa nimemtupa mtu majini, na bado nikaona vibaya kwamba hakunishika mkono.

Waliongea na bosi saa nzima, mlango umefungwa. Stesheni kubwa haikutaka kupoteza watazamaji wa Thika, wala bosi hakutaka kupoteza mpira na tamthilia, kwa hiyo wakaelewana kama watu wakubwa wanavyoelewana. Fungu la miezi mitatu hiyo likafutwa. Vifo vikapewa nafasi rasmi saa moja, na pesa zake sasa zinagawanywa, nusu Thika, nusu Nairobi. Hitilafu ikabaki ya mitambo. Mimi nikapewa barua ya onyo.

"Na yule wa Ruiru?" nikauliza wakati wanashuka ngazi. Sauti yangu ilikuwa ndogo.

"Huyo tumemalizana naye," mwanamke akasema. "Hakuwa na mkataba."

Jioni ile nilifika kwenye ploti saa kumi na mbili na nusu. Hakukuwa na mashine wala televisheni. Nilitamani kupita bila kiatu changu kutoa sauti, lakini mlango wa tano ulikuwa wazi na yeye alikuwa ameketi kwenye ngazi, akisubiri.

"Kuja hapa, mami," akasema. "Kuja ukae."

Nikakaa.

"Wamenifuta leo," akasema. "Asubuhi walikuja na gari. Sikujua vile nitakuambia hii maneno, lakini wewe ulishaona zile karatasi. Mimi nilikuwa nimeandikwa niwaangalie."

"Najua, mathe."

"Sasa wakaniuliza, kwa nini uliandika sabuni na haikuwa sabuni? Ningewaambia nini? Watu wa Nairobi hawawezi kuelewa. Mimi niandike kwa karatasi ati mtu amekufa ni makosa? Ati huyu maiti asitolewe kwa TV, ametumia nafasi ya sabuni? Ngai! Jioni ya kwanza nilishika kalamu nikashindwa. Nikaweka tiki. Halafu nikazoea." Akatikisa kichwa. "Marehemu wangu, bwanangu, alitangazwa hivyo hivyo. Watu walijaa."

Nikataka kusema kitu. Hakunipa nafasi.

"Halafu wakataja jina lako. Wakaniuliza, unamjua? Nikaona hii sasa itakumaliza, wataambia watu tulipanga sisi wawili. Mimi ni mtu mzee, nina mashine yangu. Wewe uko na kazi ya ofisi. Nikasema simjui. Nikasema hata jina siwahi kusikia." Akanigeukia. "Nimekaa hapa tangu saa tatu nikiomba Mungu. Nilikuwa naogopa tu utawaambia tunajuana, halafu waone nimedanganya. Uliwaambia nini?"

Nilimtazama. Alikuwa na uzi wa kijani umekwama kwenye nywele.

"Niliwaambia sikujui," nikasema.

Akapiga makofi mara moja. "Haiya! Si uone! Kama tulikuwa tumepanga!" Akanikumbatia, akacheka, na machozi yakamtoka. "Asante, mami. Asante sana kwa kunifichia."

Sikumwambia. Nilikaa pale, mkono wake begani mwangu, nikamwacha anishukuru. Ile nusu ya pili ya jibu langu, "hiyo ni yake", nilikuwa nayo kinywani kama jiwe.

Alihama mwisho wa mwezi. Pesa za kutia tiki ndizo zilizokuwa zikijazia kodi, na sweta pekee hazikutosha. Alienda kukaa kwa dada yake Landless, na mashine ikapakiwa kwenye mkokoteni nikiwa kazini. Mlango wa tano sasa anaishi kijana mmoja ambaye hana hata televisheni.

Bado natia sahihi kila Ijumaa, na sasa cheti ni cha kweli, kila sekunde. Landless si mbali na ofisi yetu. Nikitoka kula mchana hutembea upande wa pili wa barabara, na nikiona kwa mbali mama amebeba sweta za shule mabegani, huingia duka lolote lililo karibu na kujifanya nauliza bei.

Jumapili baada ya kanisa yule mama hunipigia simu. Mimi huiacha ilie mpaka inyamaze. Nisipoipokea hunitumia ujumbe, na huwa ni uleule: anauliza kama nimekula, anasema hajasahau ile siku, na Mungu anibariki.